Kutunga Programu, Kuthibitisha Hoja: Nafasi ya Kiswahili katika Ufundishaji wa Mantiki Rasmi, Kisii na Nyamira

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya sarufi ya Kiswahili na mantiki rasmi inayomkabili mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea utungaji wa programu za tarakilishi katika viwango vya juu. Mifano imetolewa katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako mwanafunzi huingia katika ukumbi wa mihadhara akiwa na lugha tatu: Ekegusii cha nyumbani, Kiswahili cha shule na soko, na Kiingereza cha vitabu. Inahojiwa kwamba ugumu wa somo hili hautokani na maneno ya Kiingereza yaliyomo katika lugha za programu, bali na hoja zilizo nyuma yake. Na kwamba hoja hizo zaweza kufunzwa kwa Kiswahili kwa uwazi, mradi ijulikane ni wapi Kiswahili cha kawaida kina utata.

1.0 UTANGULIZI

Chuo Kikuu cha Kisii kina historia ndefu kuliko hati yake. Kilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka wa 1994, kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2007, na hatimaye kikatunukiwa hati ya kujitegemea mwezi Februari 2013. Humo, kama katika vyuo vikuu vingine vya Kenya, Kiswahili na sayansi ya tarakilishi ni taaluma mbili zinazohesabiwa kuwa mbali sana. Mmoja huchambua ngeli, vishazi na masharti. Mwenzake huandika aina, mizunguko na masharti. Ni nadra kwa yeyote kati yao kudhani kwamba wanashughulikia mambo yaliyo karibu.

Hata hivyo, mwanafunzi wa tarakilishi si mgeni wa Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na za upili. Aliyeupitia alifika chuoni akiwa amekisoma kwa miaka kumi na miwili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, nayo ilikitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pamoja na hayo yote, mwanafunzi huyo akishaingia darasa la mantiki, Kiswahili chake huachwa mlangoni.

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi zimekuwapo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na mtumiaji akaweza kufungua faili na kuhariri matini kwa maelekezo ya Kiswahili. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini msamiati uliotokana nayo ni msamiati wa mtumiaji: fungua, hifadhi, chapisha, futa. Msamiati wa mtunzi wa programu, yaani ule wa kueleza kwa nini programu ni sahihi, haukushughulikiwa kwa kiwango hicho. Pengo hilo ndilo linalolengwa hapa.

2.0 UGUMU ULIKO

Hudhaniwa kwamba kikwazo cha mwanafunzi ni Kiingereza cha lugha za programu. Dhana hii haina mashiko. Lugha ya C, kama ilivyosanifishwa mwaka wa 1989, ina maneno ya msingi 32 tu. Maneno 32 hukaririwa kwa siku moja. Mwanafunzi anayeyajua yote bado aweza kushindwa kueleza kwa nini programu yake inatoa jibu sahihi, au kwa nini imetoa jibu lisilo sahihi.

Kozi za viwango vya juu hudai zaidi ya msamiati. Mnamo mwaka wa 1936, Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walibainisha maana ya kukokotoa na kuonyesha kwamba kuna maswali ambayo hakuna utaratibu wa kukokotoa uwezao kuyajibu. Mwaka wa 1969, C. A. R. Hoare alipendekeza kwamba programu ithibitishwe kama nadharia ya hisabati inavyothibitishwa: taja hali iliyopo kabla ya agizo, taja hali inayotakiwa baada yake, kisha onyesha kwamba agizo hilo huitoa ya kwanza na kuifikisha ya pili. Hapa mtunzi hahitaji kuandika tu. Anahitaji kutoa hoja. Na hoja hutolewa kwa lugha.

Mwanafunzi asiyeimudu lugha ya hoja hukimbilia njia ya mkato. Hunakili programu ya mwenzake, hubadilisha majina mawili matatu, na kukariri uthibitisho kama akaririvyo shairi asilolielewa. Hupita mtihani, kisha huajiriwa kuandika mfumo utakaopima mavuno au kuhesabu mishahara ya watu.

3.0 SHARTI NA VIUNGANISHI

Kauli ya sharti ndiyo uti wa mgongo wa mantiki na wa programu. Kiswahili kina njia kadhaa za kuitoa, na hazilingani. Chukua sentensi hii: "Karani akija, wakulima watapanga foleni." Kiambishi -ki- hapa chaweza kumaanisha "ikiwa atakuja" au "wakati atakapokuja". Katika mazungumzo, tofauti hiyo haimsumbui mtu. Katika programu, tofauti ni kubwa. Katika maana ya kwanza, karani aweza asije, na mtunzi ana wajibu wa kusema litakalotendeka vinginevyo. Katika maana ya pili, kuja kwake hakuna shaka. Kinachosubiriwa ni saa. Kwa hiyo inafaa "ikiwa... basi..." itengwe kwa ajili ya sharti la kimantiki, nayo -ki- iachiwe lugha ya kawaida.

Viambishi -nge- na -ngali- vinahitaji uangalifu zaidi. Mantiki ya kauli hushikilia kwamba kauli ya sharti ambayo sehemu yake ya kwanza si kweli huhesabiwa kuwa kweli. Wanafunzi wengi huona kanuni hii kuwa ya ajabu, hasa wanapoisoma kwa -nge-: "Kama Kisii kungekuwa na bahari, Nyamira kungekuwa na bandari." Msikilizaji huanza kuwaza ramani nyingine ya dunia na kubishana kuhusu bandari. Lakini mantiki ya kauli haizungumzii dunia ya kuwaziwa. Kanuni hueleweka upesi ikifafanuliwa kama ahadi. Karani akisema, "Ikiwa utaleta gunia, basi nitalipima," ahadi yake huvunjika kwa njia moja tu: gunia liletwe, naye asilipime. Gunia lisipoletwa, hakuna aliyedanganywa. Kiswahili kimekwisha kutenganisha kwa viambishi yale ambayo mwanafunzi huyachanganya kichwani. Kinachobaki ni mwalimu kuutumia utengano huo.

Kosa jingine ni kuigeuza kauli ya sharti kinyume. Kutokana na "Ikiwa mvua kubwa imenyesha hapa, basi mto umefurika," wengi huhitimisha kwamba mto ukifurika, mvua imenyesha hapa. Mto Gucha hutosha kuwarekebisha. Maji yake hutoka katika milima ya Kisii na Nyamira, nayo huteremka hadi Migori na kumwagika katika Ziwa Victoria. Mkazi wa nyanda za chini aweza kuona mto umevunja kingo zake ilhali kwake hakujanyesha tone. Kauli ya awali ni kweli. Kinyume chake si kweli.

Kiunganishi "au" nacho kina maana mbili. "Mkulima wa Kisii hupanda chai au kahawa" haimkatazi mkulima kupanda zote mbili, na hivyo ndivyo "au" ya mantiki ilivyo. Mtu anayetaka moja tu husema "ama chai ama kahawa", na hata hapo ni bora aongeze "wala si zote mbili".

4.0 MANENO YA KIASI

Maneno "kila", "wote", "yeyote", "kuna" na "hakuna" hubeba mzigo mkubwa katika mantiki. Sentensi "Wakulima wote hawajalipwa" yaweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba hakuna hata mmoja aliyelipwa, au kwamba baadhi yao bado. Mkutano wa wakulima waweza kuvunjika kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Mantiki rasmi humlazimisha msemaji achague: "Hakuna mkulima aliyelipwa" au "Si kila mkulima aliyelipwa". Kanuni inayotokana na hapo ni nyepesi: ili kuikanusha kauli ya "kila", yatosha kumpata mmoja anayeipinga, ili kuikanusha kauli ya "kuna", sharti wote wakaguliwe.

Mpangilio wa maneno hayo nao hubadilisha maana. "Kila mkulima hupimiwa na karani mmoja" yaweza kumaanisha kwamba yupo karani fulani anayewapimia wote, au kwamba kila mkulima ana karani wake, ambaye si lazima awe wa mwenzake. Kwa mtunzi wa mfumo wa kuhifadhi data, maana ya kwanza hudai jina la karani liandikwe mara moja kwa kituo kizima. Ya pili hudai liandikwe kwa kila mkulima. Aliyeisoma sentensi vibaya atajenga mfumo mbovu hata kama programu yake haina kosa la tahajia.

5.0 NGELI NA AINA

Lugha nyingi za programu hutenga thamani katika aina: namba nzima, namba zenye desimali, matini, kweli na si kweli. Kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mtunzi hadi katika lugha ya mashine, hukagua iwapo aina zinapatana, na huikataa programu ambayo aina zake hazipatani.

Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu hufanya ukaguzi wa namna hiyo kila anapofungua kinywa. "Kiti changu kimevunjika" hupita. "Kiti yangu imevunjika" husahihishwa. Ekegusii nacho hutenganisha omonto na abanto, na kudai upatanisho katika sentensi nzima. Mwanafunzi wa Nyamira ana kompaila ya ngeli kichwani tangu utotoni. Akielezwa kwamba aina katika programu ni mfano wa ngeli, na kwamba ujumbe wa kosa ni sawa na sauti ya mwalimu inayosahihisha upatanisho, hofu yake hupungua.

Mlinganisho huu una mipaka, na mipaka yenyewe hufunza. Ngeli hutokana na historia ya lugha, na mzungumzaji hawezi kujiundia mpya. Mtunzi wa programu aweza kujiundia aina aitakayo. Aidha, upatanisho hauhakikishi ukweli. "Kiti changu kimekula mawazo" ni sentensi yenye upatanisho kamili isiyo na maana. Vivyo hivyo, programu iliyopitishwa na kompaila yaweza kutenda jambo lisilotakiwa.

Ulimwengu ulilishuhudia hilo tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilipoharibika angani chini ya dakika moja baada ya kurushwa. Programu ya uelekezaji, iliyorithiwa kutoka Ariane 4, iliigeuza namba yenye desimali ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16. Namba nzima ya aina hiyo haiwezi kuzidi 32,767. Kasi ya roketi mpya ilizaa namba kubwa zaidi, na mfumo ukashindwa. Maandishi yale yale yalikuwa yamefaa katika roketi iliyotangulia. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba masharti ya matumizi yake bado yalitimia.

6.0 UTHIBITISHO: MFANO WA CHAI

Chai ni zao kuu la biashara katika eneo hili. Viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Tombe katika Nyamira, pamoja na Nyamache, Kiamokama na Ogembo katika Kisii, hupokea majani kutoka kwa wakulima wadogo chini ya KTDA, shirika lililoundwa mwaka wa 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka wa 2000. Mkulima hupeleka majani katika kituo cha kununulia, hupimiwa, na kilo zake hujumlishwa. Kilo hizo ndizo msingi wa malipo ya kila mwezi na wa bonasi ya mwaka. Kosa dogo katika kujumlisha si suala la nadharia kwa mtu anayeitegemea bonasi kulipa karo.

Chukua programu sahili ya kujumlisha uzito wa magunia n ya mkulima mmoja, ambapo uzito wa gunia tupu hutolewa katika kila kipimo:

weka jumla = 0
weka i = 0
maadamu i < n:
    i = i + 1
    jumla = jumla + uzito(i) − gunia
tangaza jumla

Ili kuithibitisha, hutafutwa kauli ambayo hubaki kuwa kweli kila mara sharti la "maadamu" linapokaguliwa. Kauli yenyewe ni hii: jumla ni sawa na uzito wa majani yaliyomo katika magunia i ya kwanza, na i haizidi n.

Hatua ya kwanza ni msingi. Mwanzoni i ni 0 na jumla ni 0. Magunia sifuri yana majani ya kilo sifuri. Kauli ni kweli. Hatua ya pili ni mwendelezo. Ikiwa kauli ni kweli kabla ya mzunguko mmoja, basi gunia moja zaidi huhesabiwa na uzito wa majani yake pekee huongezwa. Na kwa kuwa i ilikuwa chini ya n, haiwezi kuizidi baada ya kuongezwa moja. Kauli hubaki kweli. Hatua ya tatu ni mwisho. Idadi i huongezeka kwa moja kila mara ilhali n haibadiliki, kwa hiyo mzunguko hauna budi kukoma. Unapokoma, i si chini ya n wala haiizidi. Basi ni sawa na n, na jumla ni uzito wa majani yote. Uthibitisho umekamilika.

Linganisha na mtunzi aliyetoa uzito wa gunia mara moja tu, baada ya mzunguko. Magunia matatu ya kilo 12, 9 na 14, kila gunia tupu likiwa na kilo 1, yana majani ya kilo 32. Programu yake hutangaza 34. Lakini akiijaribu kwa gunia moja la kilo 12, hupata 11, jibu sahihi kabisa, naye huridhika. Siku ambayo mkulima hakuleta kitu, programu humwandikia kilo 1 pungufu ya sifuri. Edsger Dijkstra alisisitiza kwamba majaribio yaweza kufichua dosari, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba hakuna dosari. Kosa hili humfaidi mkulima mwenye magunia mengi. Kosa jingine la namna hiyo laweza kumpunja. Mtunzi aliyelazimika kuitaja kauli isiyobadilika angeliona kabla ya gunia la kwanza kupimwa.

Uteuzi wa neno "maadamu" nao si wa bahati nasibu. "Maadamu kuna gunia, pima" hukagua kabla ya kutenda. Pasipo gunia, hakuna kipimo. "Pima hadi magunia yaishe", kama ilivyo katika mzunguko wa lugha ya Pascal unaokagua mwishoni, hutenda kwanza ndipo hukagua. Pasipo gunia, mzani tupu husomwa mara moja. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kufafanua tofauti ya "maadamu" na "hadi" amefafanua tofauti ambayo imewakwaza watunzi wengi wa programu.

Mwendo wa msingi na mwendelezo, uitwao induksheni, nao una mizizi katika lugha. Katika Ekegusii, sita hutajwa kama tano na moja, saba kama tano na mbili, na nane kama tano na tatu. Tisa ina neno lake, kianda, na kumi ni ikomi. Maneno machache na kanuni ya kuyaunganisha huzaa hesabu ndefu. Vishazi rejeshi vya Kiswahili hutenda vivyo hivyo: kishazi huingia ndani ya kishazi bila kikomo cha kisarufi. Funksheni inayojiita yenyewe haipaswi kumshangaza mzungumzaji wa lugha hizi.

7.0 PINGAMIZI NA MAPENDEKEZO

Yaweza kupingwa kwamba mitihani hufanywa kwa Kiingereza, na kwamba kwa Mgusii Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza. Pingamizi zote mbili ni za haki. Makala haya hayadai kwamba mihadhara yote ibadilishwe lugha, wala kwamba Kiswahili kina mantiki kuliko Kiingereza. Utata wa "wote" na wa "au" unaonyesha kwamba hakuna lugha ya kawaida iliyo salama. Kinachodaiwa ni kwamba mwanafunzi anayeweza kuisema hoja katika lugha mbili hawezi kuikariri bila kuielewa, kwa kuwa tafsiri humfichua asiyeelewa.

Inapendekezwa, kwanza, kwamba mwanafunzi wa tarakilishi aandike kwa Kiswahili masharti ya programu na kauli zake zisizobadilika kabla ya kuandika programu yenyewe. Pili, idara za Kiswahili na za tarakilishi ziandae semina za pamoja za kusanifu istilahi, zikianza na maneno yaliyopo kama kauli, sharti, hitimisho na aina, kabla ya kubuni mapya. Tofauti ya tarakilishi ya Kenya na kompyuta ya Tanzania imekwisha kuonyesha gharama ya kila upande kwenda njia yake. Tatu, mwanafunzi wa Kiswahili asome mantiki rasmi, kwa kuwa itamnoa katika semantiki na uhakiki. Haja hii ni ya haraka: mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kutunga programu kwa shule za msingi na za upili. Walimu wa watoto hao wanasomea vyuoni.

8.0 HITIMISHO

Imebainishwa kwamba sharti, kiasi, aina na uthibitisho ni dhana zinazoweza kuelezwa kwa Kiswahili, na kwamba sarufi ya Kiswahili na Ekegusii humpa mwanafunzi wa Kisii na Nyamira mahali pa kuanzia. Mkulima anayesubiri kilo zake hana njia ya kuisoma programu iliyozihesabu. Anayeweza kumwakilisha ni mtunzi anayejua kwa nini programu hiyo ni sahihi, na awezaye kumweleza sababu hiyo katika lugha wanayoelewana.

MAZOEZI

1. Toa maana mbili za sentensi "Kila kiwanda hutumia mzani mmoja", kisha iandike upya mara mbili bila utata.
2. Kanusha kauli "Ikiwa gunia limepimwa, basi limeandikwa" bila kutumia neno "ikiwa".
3. Andika programu ya kutafuta gunia zito zaidi kati ya magunia n, ambapo n ni angalau 1. Taja kauli isiyobadilika na uithibitishe kwa hatua tatu.